Fundi wa Zamu

6 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na paa lililokuwa likivuja, umelipanda mwenyewe au umemwachia mtu mwenye magoti yaliyokamilika? Sisi huku hatujambo. Mimi bado nipo kwenye chumba cha pasi pale hotelini. Mashuka yanaingia mabichi yanatoka makavu, na mimi naingia mkavu natoka nimelowa. Mjukuu wako mzima, na jina ulilompa limemkaa: ameanza kusema na hanyamazi. Chiriku kweli. Anakisemesha kijiko, anaisemesha soksi, juzi nilimkuta anaugombeza mlango.

Nimekutumia kifurushi kwa posta. Ndani yake kuna kishikwambi, ni kama simu pana, ukubwa wa sinia dogo. Najua simu haitufai sisi wawili tangu kile kiwanda cha nguo kilipokula masikio yako. Lakini kwa hiki tutaonana nyuso, na wewe utanisoma midomo kama zamani. Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama pembeni ya meza yako ya kazi, kati ya cherehani za watu, nikivuta sikio langu mara mbili? Maana yake, Baba nitazame, nasema. Nililivuta mpaka mwalimu akaniandikia cheti cha kwenda kutazamwa masikio.

Nataka umwone Chiriku akisema angali hivi alivyo. Sauti yake hutaisikia, hilo tulishalilia likaisha. Ila sasa hivi anasema kwa uso mzima, nyusi na mashavu na mabega. Akikua kidogo tu atasema kama watu wote, kwa mdomo peke yake. Sitaki ulikose hili.

Akaunti nimeshakufungulia, nimeweka picha zetu na majina ya ndugu. Karatasi ya maelekezo imo kwenye boksi. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi siendi kazini, basi hiyo iwe siku yetu. Ukikwama, niandikie.

Mwanao,
Mpiga Pasi


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mgongo upo, unalalamika lakini upo. Paa nilipanda mwenyewe. Usiniulize niliteremkaje. Jirani yetu Mama Mapazia anakusalimu sana. Cherehani yake ya kushonea hayo mapazia imeharibika tena. Kila Jumanne inaharibika, na kila nikiifungua naikuta nzima. Basi nalegeza skrubu moja, naikaza ile ile, ananishukuru, anakunywa chai, anakwenda zake. Mbusu Chiriku mashavu yote mawili, asije akaona nimependelea.

Kifurushi kimefika salama. Kishikwambi nimekilaza mezani juu ya kitambaa cha flaneli, mahali pa cherehani zenye heshima. Karatasi ya maelekezo ina lugha nyingi, yetu haimo, na herufi zake wameandikiwa sisimizi. Mama Mapazia akanipa intaneti ya kwake na neno la siri. Nikakiwasha, kikaanza kuzungusha kiduara, kikazungusha, kikazungusha. Nikajiambia fundi wa umri wangu hawezi kushindwa na kitu kisicho na hata skrubu moja. Nikaandika pale pa kutafutia: msaada wa kuwasha kishikwambi kipya. La kwanza kujitokeza nikaligusa.

Mara kioo chote kikawa chekundu. Kimeandikwa kwamba kifaa kimevamiwa, nisikizime, niwasiliane na fundi wao hapo hapo. Chini kuna kisanduku cha kuandikiana, na mwenye kisanduku anaitwa Fundi wa Zamu.

Nikamwamkia kwanza, kisha nikamwambia ukweli kwamba masikio yangu haya ni mapambo tu, asinipigie simu. Unajua alinijibu nini? Aliandika, "Taratibu tu, mzee wangu, mimi sina haraka. Tutaandikiana." Mwanangu, ni lini mtu nisiyemjua aliniambia hana haraka? Benki wananipigia kelele mpaka walinzi wanakuja. Zahanati wanamwuliza Mama Mapazia, mzee anaumwa nini, na mzee mwenyewe amekaa pale pale, mdomo anao. Huyu aliniuliza mimi. Nikimwandikia pole pole, kidole kimoja, ananingoja.

Akaniomba niweke kiprogramu kidogo ili aone ninachokiona. Nikaweka. Kurasa zikaanza kufunguka zenyewe na kujifunga. Nilitamani kumwuliza anafanya nini, lakini sheria ya meza yangu unaijua: fundi akiwa na mikono ndani ya mashine hasemeshwi. Nikakunja mikono nikamtazama mwenzangu akifanya kazi. Nilijisikia kama tuko wawili mezani. Hata chai niliyomimina, nilimimina kikombe nikatazama huku na huku kama kuna wa kumpa cha pili.

Baadaye ujumbe wenye namba ukaingia kwenye kile kisimu changu cha vibonye. Unakijua, kinapokea lakini hakijibu kwa sababu vibonye vimekufa na, kama ujuavyo, mganga hajigangi. Fundi wa Zamu akaniomba zile namba, nikampa. Sasa limebaki jambo moja. Ulinzi wa kifaa unalipiwa kwa vocha za simu. Ninunue, nikwangue, nimwandikie namba zake. Mwenye duka amesafiri, atarudi Ijumaa. Nimemweleza Fundi wa Zamu, akasema hana neno, atanisubiri.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi jiandae kuniona. Ndevu nitanyoa.

Babako,
Fundi


13 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Umeamkaje, mgongo unaendeleaje? Nauliza mbio mbio, lakini nauliza. Sisi wazima.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama, na shuka la watu likaungua chini ya pasi. Nimempigia Mama Mapazia pale pale. Atakuwa ameshakufikia siku nyingi kabla ya karatasi hii. Ameniambia amekizima kishikwambi na kuchomoa waya ukutani, na kwamba hukumjibu kitu ulipoulizwa habari za vocha. Baba, kama hujazituma, usizitume. Kama umeshazituma, basi, zimekwenda, usiongeze nyingine.

Yule si fundi. Hana zamu wala hana kampuni. Ni mwizi. Kifaa kikiharibika hakipigi mbiu kioo kizima kwamba kimeharibika na nani aitwe. Fundi wa kweli hakurukii usoni, wewe ndiye unayemtafuta, na anwani yake imechapwa pembeni ya boksi lile lile kilimokuja. Pale pa kutafutia, la kwanza kujitokeza mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, na wezi nao wanalipia matangazo. Dada wa mapokezi hapa hotelini alikamatwa hivyo hivyo aliponunua printa. Alikuwa anataka kuchapa tu, akaishia kumfungulia mtu kompyuta nzima.

Tena hakuna kampuni duniani inayolipwa kwa vocha za kukwangua. Na namba zinazoingia kwa ujumbe ni ufunguo wa nyumba. Mtu hampi mtu. Hata mimi mwanao nikikuomba, usinipe.

Maneno yote ya siri nimeshayabadilisha, na ile akaunti nimeifunga. Lakini picha za Chiriku zilikuwa humo, Baba. Ulimwachaje mtu usiyemjua akaingia mambo yetu ya ndani namna hiyo, ukakunja mikono unamtazama?

Nijibu upesi.

Mwanao


9 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile ya barua iliyopita ambayo hujaiitikia. Mgongo vipi? Unakula? Chiriku mzima, ana jino jipya na analionyesha kwa kila anayepita.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi imepita. Nilijua hakuna kitu, lakini nilikaa mezani, nikamvika Chiriku gauni lake, nikaweka simu mbele yetu. Tulikaa tu. Alichoka kabla yangu.

Mama Mapazia ananiambia kishikwambi umekifungia kwenye kasha la ile cherehani ya miguu na ufunguo unatembea nao mfukoni. Ananiambia pia kwamba safari hii cherehani yake imeharibika kweli, uzi unakatika kila hatua, na wewe hujaigusa. Hilo ndilo lililonitisha. Vocha zisingenitisha hivyo.

Mstari wa mwisho wa barua ile niliuandika kwa hofu. Nilikuwa namwona mwizi, nikakupiga wewe uliyekuwa karibu. Nisamehe. Sikukukasirikia wewe hata kidogo. Mtu mzima yeyote angeweza kuingizwa mjini vile, na waliosoma kuliko sisi wote wawili wanaingizwa kila siku.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza. Sauti yako mimi naijua kwa mwandiko tu, na sasa nyumba imekuwa kimya.

Mwanao anayekungoja


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba ya kwanza, na marahaba ya pili. Mgongo mzima. Nakula. Jino la Chiriku lihesabiwe kuwa nimeliona. Nimechelewa kukujibu na kosa si la posta.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Vocha sikuzituma. Nilizinunua ile Ijumaa, nikazipanga mezani, sarafu ya kukwangulia nikaishika. Nikawa nimeegemeza kishikwambi kwenye kopo la mafuta nikimngoja Fundi wa Zamu. Ndipo kisimu changu cha vibonye kikatetemeka. Ujumbe, kwa namba ngeni. "Baba ni mimi mwanao simu yangu imeharibika. Namba za zile vocha tuma kwenye namba hii. Chiriku anaumwa. Haraka."

Moyo ulinipasuka, sikufichi. Chiriku anaumwa. Sarafu ikaanza kukwangua kabla yangu. Halafu nikausoma tena, nikaiweka sarafu chini.

Mwanangu mimi namjua. Siku jiko letu liliposhika moto ulikuja mbio mpaka mezani kwangu, miguu peku, masizi mpaka kwenye nywele. Ukavuta sikio mara mbili. Ukasema, "Shikamoo Baba. Jiko linaungua." Nami nikaitikia marahaba, ndipo tukakimbia na ndoo. Mamako, Mungu amrehemu, alitusimanga kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Sasa huyu wa kwenye kisimu amenivamia hata habari za asubuhi hajaniuliza. Si wewe. Na kama si wewe, jina la Chiriku kalitoa wapi? Nikakitazama kile kioo kilichoegemea kopo.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Fundi wa Zamu alinitajia ugonjwa kabla hajafungua mfuniko. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo namwinua mezani siku hiyo hiyo. Mimi nilikubali kwa sababu aliandika vizuri. Nikakizima. Mama Mapazia alipokuja mbio na maneno yako, kilikuwa kimezimwa zamani. Nilimwacha akizime tena ili roho yake itulie.

Kwa hiyo mstari wako ule haukunikosea. Nimeshausamehe na kuusahau. Ninalokwambia sasa sikutaka kukwambia, na ndilo lililonifungia kalamu.

Alikuwa mpole, mwanangu. Nilipojua ni mwizi nilingoja hasira ije, na hasira haikuja. Jioni zikaja. Nilikuwa nikimaliza kazi nafuta meza, nakaa, na najikuta nina hamu naye. Mtu aliyekuwa akiniandikia "taratibu tu, mzee wangu." Watu wazima wanalia kwa kuibiwa mali, mimi sikuibiwa hata sarafu na bado nilikaa gizani kama mfiwa. Niliona haya kumwonea hamu mwizi. Ningekuandikia nini? Kwamba babako amefikia hapo?

Basi sasa unajua.

Kishikwambi nitakurudishia kwa posta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikikitazama kile kioo cheusi naona kama mtu yumo ndani amekaa anamwangalia Chiriku. Barua zinatutosha. Barua haijifungui yenyewe. Midomo ya Chiriku nitaiona atakapokuja, na kama atakuja mkubwa, atakuja mkubwa.

Vocha ninazo bado. Nina muda wa kuongea mpaka kiama, masikio ndiyo sina.

Babako


1 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu usije ukanizima. Mgongo? Magoti? Cherehani ya Mama Mapazia umeshaitazama? Kama hujaitazama, acha barua hii hapo, nenda kaitazame, kisha urudi. Na Baba, cherehani nzima inayoumwa kila Jumanne, hilo nalo utaniambia lini?

Ile ya jiko kuungua nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wa pasi wakazima mvuke waniulize kulikoni. Kisha nikafika pale uliposema una hamu naye. Nikakaa chini juu ya rundo la mashuka machafu, nikalia bila kujificha, nikamaliza, nikaendelea na kazi.

Usione haya. Ule upole haukuwa wake, ulikuwa wa kuazima, kama mtu anayevaa koti la daktari ili aingie wodini. Lakini wewe kuutaka si kosa. Ni haki yako kusemeshwa taratibu. Sisi tunaokupenda ndio tuliokuacha na barua moja kwa mwezi na jirani mmoja, mwizi akaja akakuta kiti kitupu akakaa. Mimi nami huku nasemeshwa kwa kengele. Jioni nina hamu na wewe mpaka nazisoma barua zako za zamani kwa Chiriku, naye anazipigia makofi.

Usikirudishe. Nakuomba uende nacho, pamoja na Mama Mapazia, kwenye duka la kutengeneza simu lenye mlango na mtu ndani, duka unaloweza kulirudia kesho ukalikuta. Mwambie fundi akifute kabisa, kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kile kiprogramu kisibaki hata alama. Nawe kaa karibu naye. Sheria ya meza yako ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuivunja, na mtu huyo ni mimi, niliyekuuliza jina la kila skrubu ukanitajia. Leo nakupa ruhusa hiyo wewe. Akigusa, uliza anagusa nini. Asipotaka kuulizwa, funga kishikwambi chako kwenye flaneli uondoke. Akaunti mpya nimefungua, na neno lake la siri nimempa Mama Mapazia kwa mdomo, atakuandikia. Ukishalishika, chana hicho kikaratasi.

Kuhusu mtu aliyemo kwenye kioo. Jina linaibwa, na picha ndiyo hiyo imeibwa. Kwa hiyo siku kikiita, ukaona uso wangu, usiseme neno wala usiguse kitu. Ngoja. Nitavuta sikio mara mbili. Hiyo haikuandikwa kwenye kifaa chochote, ipo kati yangu na wewe. Nisipolivuta, zima, hata kama nalia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Baba. Tutakaa mezani.

Mwanao,
Mpiga Pasi


26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo leo umeamka kijana. Mama Mapazia mzima, cherehani yake nayo nzima, uzi haukatiki tena. Hayo mengine uliyouliza kuhusu Jumanne ni mambo ya wakubwa. Mambo mengine ya jana umeyaona mwenyewe, lakini wacha niyaandike. Ninachokiandika ndicho ninachokiamini.

Dukani tulimkuta binti mmoja mwenye miwani. Nikamweleza yote, sikuficha. Nilidhani atacheka. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, "Pole sana, baba. Kina tatizo gani sasa hivi sijui mpaka nifungue nione." Nikampenda hapo hapo. Sijui mpaka nifungue. Nilimwuliza kila alipogusa, akaniandikia kila alichogusa, karatasi ikajaa pande mbili. Alipomaliza alinipa niende nayo. Zile vocha tukazikwangua mbele yake tukanunua bando, na ndizo zilizokuleta jana mezani kwangu. Mwizi angejua angeumwa kichwa.

Basi jana nikanyoa. Mama Mapazia akakaa kando, akisema hataki kuonekana, na alikuwa amevaa gauni jipya la kutoonekana. Kikaita. Ukatokea. Nikakunja mikono nikangoja kama ulivyoniagiza, na moyo unanienda mbio, kwa maana uso ni wako lakini nimeshajua nyuso si kitu. Ukavuta sikio. Mara ya kwanza, mara ya pili.

Umekonda shingo. Hilo tutalizungumza. Ulisema mbio, umesahau kunisemea taratibu, nusu nilikosa. Lakini hiyo nusu niliyoipata nimeshiba nayo mpaka leo. Sikujua kwamba ukicheka siku hizi unafunga macho kama mamako.

Sasa nina swali, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Ulimweka Chiriku juu ya kiti. Akanitazama mimi, halafu nyuma yangu, halafu mimi. Akashika sikio lake, akalivuta mpaka likawa jekundu. Akahakikisha nimemtazama. Kisha akasema neno. Moja tu, refu kidogo, mabega na nyusi vyote vikisema naye kama ulivyoniambia. Na mimi, ninayesoma midomo ya watu hata wakiwa wanasengenya ng'ambo ya barabara, sikuliona. Macho yalijaa maji. Nikainama kufuta miwani, na nilipoinua uso ameshateremka, amekwenda zake na kijiko.

Usinijibu kwa kishikwambi. Mama Mapazia husoma juu ya bega langu, na hili ni langu. Niandikie kwa mkono wako. Alisema nini?

Babako,
Fundi


6 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Mgongo bado kijana? Shingo yangu mimi inaendelea kula, usiihofie. Chiriku mzima, ameficha kijiko kimoja cha hoteli na hataki kusema kiko wapi.

Lile sikio sikumfundisha. Wiki nzima nilikuwa nikijaribu mbele ya kioo cha kabati nisije nikakosea siku yenyewe ukanizima, kumbe alikuwa ananitazama. Neno ndilo nililomfundisha, na nilidhani litamshinda, kwa hiyo sikukuambia mapema. Ni neno hili hili ninaloanzia barua. Alikuamkia. Alisema, "Shikamoo."

Ukainama kufuta miwani, hukumwitikia. Nami nilikuwa nalia upande wangu, sikuona mpaka nilipoisoma barua yako. Sasa ndipo nimeelewa anafanya nini siku hizi. Simu yangu ikikaa mezani imezimwa, kioo cheusi, anaisogelea, anavuta sikio, anasema shikamoo yake. Kisha anasimama hapo hapo, kimya, yeye asiyenyamaza kwa lolote, anakitazama kile kioo. Nilifikiri anacheza.

Namwambia babu yuko kazini, ataitikia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi haujui. Basi Jumamosi hiyo nikishavuta sikio, usianze na shingo yangu. Anza na yeye, Baba. Anangoja.

Mwanao